Seli shina na kovu la ulimi: nini iko tayari, nini ingali kwenye utafiti

Katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, jina «seli shina» limefika mbele ya tiba yenyewe. Linasikika kwenye makundi ya simu, kwenye mikutano ya wauzaji wa bidhaa za afya, na wakati mwingine kwenye mlango wa ligablo, likiwa limeandikwa juu ya pakiti ya poda. Muuzaji anaahidi mengi: macho, magoti, sukari, tumbo, hata kovu la zamani. Mtu ambaye ulimi wake ulikatika katika ajali, na sasa anasema maneno ambayo watu hawasikii vizuri, anaweza kuuza mbuzi ama kukopa pesa kwa ahadi ya namna hiyo.

Makala hii inaeleza kovu la ulimi ni kitu gani, seli shina zinaweza kufanya nini, watafiti wamefika wapi, na mgonjwa wa Beni, Uvira ama Bunia anaweza kupata musaada gani leo bila kusubiri maabara ya mbali.

Ulimi unaumia namna gani

Ulimi ni msuli zaidi ya kitu kingine. Una misuli 8 kila upande: 4 iko ndani ya ulimi wenyewe na inaubadilisha umbo, na 4 inaanzia nje ya ulimi na inausogeza mbele, nyuma, juu na chini. Juu ya misuli hiyo kuna ngozi laini yenye vipele vidogo vya kuonja. Damu inayopita humo ni nyingi, njo maana ulimi ukikatika kidogo tu kinywa kinajaa damu na watu wanashtuka.

Sababu za kuumia zinajulikana na wakaaji wengi. Mtu anaanguka kwenye pikipiki ama chukudu, kidevu kinagonga chini, na meno yanaukata ulimi. Mgonjwa wa kifafa anauma ulimi wake wakati wa mshituko, mara nyingi upande wa pembeni, na kidonda kinarudi pale pale kila mshituko unaporudi. Ituri ni moja ya maeneo ambako watafiti wameona vijiji vyenye kifafa kingi pamoja na ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi wadogo wa kando ya mito inayokimbia. Huko kidonda cha ulimi hakiwezi kutenganishwa na matunzo ya kifafa.

Kuna pia moto na kemikali. Mtoto anakunywa kutoka chupa ya maji kumbe ndani kuna soda kali ya kutengeneza sabuni. Soda hiyo inayeyusha nyama ya kinywa na ya koo, na kovu linalobaki ni gumu kuliko la kukatwa na meno. Wengine wanabaki na kovu sababu ya risasi, ama baada ya kupasuliwa na kuchomwa kwa miale juu ya kansa ya kinywa.

Kovu ni kiraka cha mwili

Kidonda kikiwa kidogo, kinywa kinapona upesi kuliko ngozi ya mkono ama ya mguu, na mara nyingi alama haionekani. Mate yanasaidia, damu ni nyingi, na seli za kinywa zinajigawa haraka.

Kidonda kikiwa kirefu ama kipana, mambo yanabadilika. Mwili unaharakisha kufunga shimo. Seli fulani zinafika pale, zinatengeneza nyuzi ngumu za protini inayoitwa kolajeni, na zinavuta kingo za kidonda pamoja kama vile mtu anavyovuta kamba ya mufuko. Kazi ikiisha, zinapaswa kuondoka. Zisipoondoka, nyuzi zinaongezeka, na pale palipokuwa na msuli sasa kuna kiraka kigumu.

Kiraka hicho hakikunji wala hakinyooki. Kikiwa chini ya ulimi, kinaushika kwenye sakafu ya kinywa, na mtu anashindwa kuutoa nje ama kuuinua mpaka kwenye kaakaa. Sauti kama t, d, l, r na n zinapotea, kwa sababu zote zinahitaji ncha ya ulimi kugusa juu. Kula nako kunakuwa kazi. Bugali na sombe vinabaki pembeni ya shavu kwa sababu ulimi hauwezi kuvikusanya, na maji yanaweza kupita njia mbaya na kuingia kwenye mapafu. Neva ikiwa imekatika pia, upande mmoja unakufa ganzi na mtu anajiuma bila kujua.

Watu wengi wenye shida hiyo wanaanza kunyamaza. Mwalimu anaacha kufundisha, muuzaji anaogopa kuita wateja sokoni, kijana anachekwa shuleni. Mtu aliyebeba maumivu ya namna hiyo ni rahisi kudanganywa.

Seli shina ni nini?

Mwili wote umejengwa na seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli nyingi zimeshachagua kazi: hii ni ya damu, hii ya mfupa, hii ya msuli. Seli shina hazijamaliza kuchagua. Zinaweza kujigawa na kutoa seli nyingine zenye kazi fulani, kama vile kisiki cha mgomba kinavyotoa machipukizi hata baada ya mti kukatwa.

Msuli una seli zake za akiba. Mwaka 1961, mwanasayansi Alexander Mauro alizieleza mara ya kwanza baada ya kuchunguza msuli wa chura kwa darubini ya nguvu. Zinalala pembeni ya nyuzi za msuli, na msuli ukiumia zinaamka, zinajigawa na kuziba pengo. Ulimi nao uko na seli hizo. Shida ni kwamba kidonda kikiwa kikubwa sana, kolajeni inafika mbele na kujaza nafasi kabla seli za akiba hazijamaliza kazi.

Aina nyingine inayochunguzwa sana inapatikana ndani ya uboho wa mfupa na kwenye mafuta ya mwili; wanasayansi wanaziita seli za mesenkima. Hizo zinaaminiwa kusaidia zaidi kwa kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kupunguza nyuzi za kovu. Kugeuka kwao kuwa msuli mpya si ndiyo nguvu yao kubwa.

Tiba ya seli shina yenyewe haiko jambo la kufikirika. Upandikizaji wa uboho kwa wagonjwa wa kansa ya damu unafanyika tangu miaka mingi, na Mmarekani E. Donnall Thomas alipewa Tuzo la Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliruhusu tiba ya seli shina za jicho kwa watu ambao jicho lao liliunguzwa na moto ama kemikali. Kila ruhusa ya namna hiyo inahusu ugonjwa mmoja, seli za aina moja na njia moja ya kuzitumia. Ruhusa ya jicho haiwezi kubebwa na kupelekwa kwenye ulimi.

Watafiti wamefika wapi juu ya ulimi

Wazo lenyewe linaelezeka kwa hatua chache. Daktari anachukua kipande kidogo cha msuli, mafuta ama uboho wa mgonjwa mwenyewe. Maabara inatenga seli zinazotakiwa na kuzikuza kwa majuma kadhaa. Zinapimwa ili kuona kama ziko safi, hazina vijidudu wala dalili za kukua vibaya. Kisha daktari anapunguza ama kukata kovu na kuzichoma pale kwa sindano, wakati mwingine ndani ya ute maalum unaozishikilia. Baada ya hapo mgonjwa anafanya mazoezi ili msuli mpya ujifunze kazi.

Kazi nyingi mpaka sasa imefanyika kwa wanyama. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitangaza jaribio ambamo waliondoa sehemu ya ulimi wa panya na kuweka seli changa za msuli zilizochanganywa na kolajeni laini. Mwaka 2010 watafiti wa Misri walieleza jinsi walivyotibu vidonda vya kinywa vya mbwa kwa seli za uboho. Majaribio kama hayo yanaonyesha kwamba njia inastahili kufuatwa. Hayaonyeshi bado kwamba mtu mwenye kovu la miaka 5 atasema tena vizuri.

Kwa wanadamu, jaribio lililo karibu zaidi na ulimi lilifanyika katika Chuo Kikuu cha California, huko Davis. Kikundi kidogo cha watu ambao ulimi wao ulikuwa umedhoofika baada ya matibabu ya kansa ya kichwa na shingo walichomwa seli za msuli wao wenyewe ndani ya ulimi. Swali la kwanza lilikuwa usalama: je, seli hizo zinaleta madhara? Kikundi kidogo namna hiyo, kisicho na watu wengine wa kulinganisha nao, hakiwezi kujibu kama tiba inaponya.

Jirani wa ulimi, yaani nyuzi za sauti ndani ya koo, wamechunguzwa zaidi kidogo. Nchini Sweden, watu 16 wenye kovu kwenye nyuzi za sauti walikatwa kovu hilo na kuwekewa seli za uboho wao wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: wengi walionyesha nafuu na madhara makubwa hayakuonekana. Lakini hapo pia watu wote walikatwa kovu na kupewa seli, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha faida ya kisu na faida ya seli.

Hesabu ya leo inakuwa hii: kwa kovu la ulimi hakuna tiba ya seli shina iliyokamilisha majaribio makubwa na kuruhusiwa kutolewa kwa wagonjwa kama dawa ya kawaida.

Kwa nini inakawia?

Kwanza, ulimi hauko kipande cha nyama kinachoelekea upande mmoja. Nyuzi zake zinapita juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto, mbele kwenda nyuma, zikisokotana kama mkeka. Seli mpya zikiota bila mpangilio, zinaweza kuongeza unene bila kuongeza mwendo.

Pili, msuli bila neva hautumiki. Neva inayousogeza ulimi ikiwa imekatika na kukauka, seli mpya hazina wa kuzipa amri.

Tatu, seli zinahitaji damu siku ile ile zinapowekwa, lakini kovu la zamani lina mishipa michache. Seli nyingi zinakufa kabla ya kuanza kazi.

Nne, kitu kinachojigawa kinaweza kujigawa kupita kiasi. Kwa mtu ambaye kovu lake limetokana na kansa, madaktari wanapaswa kuwa na hakika kwamba hawaamshi ugonjwa uliolala.

Mwisho ni mambo ya vyombo: maabara isiyo na vumbi wala vijidudu, wataalamu, na umeme usiokatika hata saa moja. Kule umeme unapokuja na kwenda kama mvua, njia hii haiwezi kuanza kesho.

Pale haraka ilipoleta msiba

Nchi hiyo hiyo ya Sweden ilipata fundisho chungu. Kuanzia mwaka 2011, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini aliweka mabomba ya hewa ya plastiki yaliyopakwa seli shina ndani ya shingo za wagonjwa. Dunia ilishangilia. Wagonjwa 3 waliopasuliwa Sweden wote walikufa baadaye. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka 2 na nusu.

Nchini Marekani, wanawake 3 waliolipa ili kuchomwa machoni kitu kilichoitwa seli shina, kilichotolewa kwenye mafuta ya mwili wao, walipoteza uwezo wa kuona. Madaktari walieleza habari hiyo mwaka 2017. Na mwaka 2014 iliandikwa habari ya mwanamke aliyepooza, ambaye aliwekewa seli kutoka puani ndani ya uti wa mgongo. Miaka 8 baadaye alionekana na uvimbe pale pale, uliokuwa unatoa ute kama wa pua.

Hao wote walipewa seli za kweli, kwenye nchi zenye hospitali kubwa na sheria kali. Njo maana neno «asili» ama «ya mwili wako mwenyewe» halitoshi kumpa mtu amani.

Na zile poda?

Pakiti nyingi zinazouzwa kwa jina la seli shina zinasemwa kutoka kwa matunda kama tufaa na zabibu, ama kwa kondo la mnyama. Seli ya tunda haiwezi kuwa msuli wa mwanadamu. Zaidi ya hapo, kitu kilichokaushwa na kusagwa hakina seli iliyo hai, na kikimezwa tumbo linakisaga kama chakula kingine chochote. Hakuna njia ya poda hiyo kutoka tumboni na kwenda kujenga ulimi.

Hasara yake haiishii kwenye pesa. Kidonda cha ulimi kisichopona kwa muda wa majuma 3 kinaweza kuwa kansa. Mtu anayekunywa poda kwa miezi 4 akisubiri muujiza anaweza kupoteza ile nafasi ambayo daktari angeweza kuitumia.

Nini inasaidia leo

Kovu la ulimi linazuiwa zaidi siku ya kwanza kuliko mwaka wa tano. Mtu akijeruhiwa, anaketishwa akiinamisha kichwa mbele ili damu itoke nje, asiimeze. Kitambaa safi kinakandamizwa juu ya kidonda. Kama mtu amezimia lakini anapumua, analazwa kwa ubavu. Kipande cha ulimi kikiwa kimekatika kabisa, kinafungwa katika kitambaa safi chenye unyevu, kinawekwa ndani ya mufuko, na mufuko unawekwa juu ya barafu kama iko; kisha kinapelekwa pamoja na mgonjwa. Majivu, petroli na pilipili havitiwi.

Muganga ndiye anaamua kama ni lazima kushona. Vidonda vingi vidogo vinapona bila uzi. Kidonda kinachoachama, kilichopasua ncha kuwa mbili, kilichotoboa upande mpaka upande, ama kinachoendelea kutoa damu, kinahitaji kushonwa. Sindano ya kuzuia pepopunda nayo inaulizwa pale pale. Nyumbani, chakula kinakuwa laini na kisicho cha moto, na kinywa kinasukutuliwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo kila baada ya kula.

Mtoto aliyekunywa soda kali anaoshwa kinywa kwa maji na kupelekwa hospitali mara moja. Hatapishwi, kwa sababu soda ikirudi juu inaunguza mara ya pili. Chupa inapelekwa pia ili muganga aone.

Kwa mgonjwa wa kifafa, kijiko, kijiti ama kidole hakiingizwi katikati ya meno. Vinavunja meno na kuumiza zaidi. Anageuzwa ubavu, vitu vigumu vinaondolewa karibu, na watu wanaangalia saa. Mshituko ukipita dakika 5, ni hospitali. Dawa ya kifafa inayotumiwa kila siku inalinda ulimi kuliko dawa yoyote ya kovu.

Kovu likiwa limeshakauka, njia iko bado. Mazoezi yanakuja kwanza: kutoa ulimi nje, kuupeleka kulia na kushoto, kuusukuma juu ya kaakaa na kuushikilia kidogo, kusoma kwa sauti polepole, mara kadhaa kila siku na kwa miezi mingi. Anayejua kazi ya kufundisha usemi anasaidia sana, lakini hata mbele ya kioo nyumbani mazoezi yanafanyika. Kovu jipya linaendelea kulainika kwa miezi mingi, kwa hiyo wapasuaji kwa kawaida hawaharakishi.

Kama kovu limeushika ulimi chini, mpasuaji anaweza kulikata kwa mistari ya pembe, yenye umbo la herufi Z, ili kuongeza urefu. Kama sehemu kubwa ya ulimi ilipotea, kuna upasuaji wa kuleta nyama na mishipa yake kutoka mkono wa mgonjwa mwenyewe. Huo unahitaji hospitali kubwa yenye wataalamu wake. Haurudishi ulimi wa kwanza, ila unaweza kurudisha kumeza na sehemu ya usemi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mtu akiambiwa kwamba tiba ya seli shina ya ulimi iko mahali fulani, maswali machache yanatosha kupima ukweli. Seli hizo zinatoka wapi, na nani alizipima? Ni wagonjwa wangapi wenye kovu la ulimi waliopata tiba hiyo, na matokeo yao yaliandikwa wapi? Ni ofisi gani ya serikali iliyoruhusu? Madhara yakitokea, nani atamtunza mgonjwa? Na kama ni utafiti, kwa nini mgonjwa analipa? Utafiti wa kweli unamweleza mtu hatari zote kwa luga anayoisikia, unamwachia uhuru wa kukataa, na kwa kawaida haumuombi pesa ya dawa inayojaribiwa.

Tapeli anakasirika akiulizwa. Muganga wa kweli anajibu, ama anasema wazi kwamba jibu haliko bado.

Seli shina zinaweza siku moja kulainisha kovu la ulimi. Wanaofanya kazi hiyo wana sababu nzuri za kuendelea. Mpaka siku hiyo ifike, pesa ya mbuzi ifanye kazi iliyo karibu: nauli ya kufika kwa mpasuaji, dawa za kifafa za mwezi, ama kushonwa vizuri siku ile ile ya ajali.